Hitima ya Mwanamke Aliye Hai

Alima alimenya vitunguu vya hitima yake mwenyewe, na siku ile hakujua.

Ilikuwa Ijumaa, katika ua wa msikiti mmoja mdogo wa mtaa wa Majengo, mjini Goma. Yeye ni mtu wa Mabanga, hakuwa na desturi ya kusali kule, lakini mwanamke anayejua kupika pilau ya sufuria tatu haulizwi anatoka mtaa gani. Anaitwa, anakuja, anafunga kitenge kiunoni. Waliambiwa tu kwamba kuna mtoto aliye ng'ambo ametuma chakula cha kumwombea mama yake marehemu. Wali ukaiva, yatima wakapanga mstari na sahani zao, sheikh akafungua dua. Akamtaja Mtume, akawataja wazee wa msikiti waliotangulia, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi: "Na tunamwombea marehemu Alima binti Useni Kasongo, mama yake Farida aliye Australia. Mungu amlaze mahali pema."

Wanawake wote wakajibu amina. Alima naye, kwa mazoea ya mdomo, akajibu amina. Ndipo upawa ukamtoka mkononi.

Aliwahi kuwa mke wa Twahiru, dereva wa magari ya mizigo. Twahiru alikuwa na wake wawili, Alima mkubwa na Kadidja mdogo. Alima alizaa mara nne akabakiwa na mmoja, Farida. Mwaka ule wa 2012, vita vilipoingia Goma, Alima alikuwa Kindu kumzika mama yake, na mtoto alikuwa na miaka sita. Aliporudi alikuta mlango umefungwa kwa waya. Majirani wakamwambia wamekimbilia Uganda, baba, Kadidja, watoto wa Kadidja, na Farida. Simu zikaja miezi michache. Twahiru akasema ngoja, njia ni mbaya, nitakuita. Kisha namba ikafa. Alima alifika mpakani Bunagana mara mbili, na mara mbili akarudishwa. Miaka kumi alisali bila kujua amwombee mtoto kama mtu aliye hai au kama maiti. Kumbe maiti alikuwa yeye.

Siku ile ya hitima hakungoja sahani zioshwe. Alikwenda moja kwa moja kwa Hemedi, mdogo wa Twahiru, fundi wa pikipiki aliyekuwa akimwambia miaka yote kwamba naye hana habari, maana aliambiwa ndiye aliyeleta mchele na nyama. Alimkuta amechuchumaa kwenye injini, mikono myeusi.

"Hemedi, mi nilikufa lini?"

Hemedi aliinua kichwa, akakiinamisha tena. "Shemeji. Nani amekuambia?"

"Sheikh. Na ndani ya spika, Majengo yote imesikia. Mi mwenyewe nimejibu amina."

"Ikaa kwanza."

"Wafu hawaikai. Sema."

Akasema. Kambini kule Uganda dosiye, faili la maombi ya kwenda Australia, haikukubali mume mwenye wake wawili, basi Kadidja akaandikwa mke na mama wa wote. Lakini Farida alikuwa na umri wa kusema, na wenye kuuliza maswali walimuuliza mama aliyemzaa yuko wapi. Mama aliye hai lazima atafutwe, aweke kidole kwenye karatasi kwamba amemwachilia mtoto. Mama aliyekufa haweki kidole popote. Wakamuua kwa kalamu. Na kwa kuwa mtoto wa miaka sita hawezi kushika uongo wa wakubwa, hawakumfundisha uongo, walimfanya aamini. Wakatandika mikeka chini ya turubai, wakaita wanawake wa kulia, wakamfunga mtoto kitambaa cheupe, wakafanya matanga kamili ya siku tatu, na mtu wa picha akaitwa. Zile picha ziliingia kwenye dosiye.

"Mutoto alilia sana," Hemedi akasema. "Picha ilikuwa nzuri." Kisha akaona alichosema, akarudi kwenye injini.

Mume akikuacha, umeachika; utalia, utafunga mizigo, utarudi kwenu. Lakini mume akikuzika ungali unapumua, utamshitaki wapi? Nani anapokea mashitaka ya marehemu?

"Mupigie mutoto simu," Alima alisema. "Mwambie mi niko mzima."

"Shemeji, ukifufuka, dosiye inakufa. Farida iko anangoja karatasi ya uraia. Wakijua ile ya kwanza ilikuwa uongo, watamurudisha wapi? Hapa? Kwa hii vita? We ni mama yake. Unataka kumufukuza kule?"

Ndivyo alivyomshika, kwa umama wake, kama mtu anayemshika kuku kwa mbawa zake mwenyewe. Hemedi aliingia ndani, akanawa mikono, akatoka na msahafu. Alima aliapa kwamba hatamwambia Farida kamwe kuwa yeye ni nani. Kwa kiapo kile alipewa namba ya simu.

Miaka mitatu aliipiga. Farida alipokea kwa kizungu kwanza, halafu akaona ni namba ya Kongo, akasema, "Alo? Alo? Ni nani?" Na Alima akakata. Aliishi kwa zile alo mbili, wiki hadi wiki.

Wakati huo alikuwa akifanya kazi mtaa wa Keshero, kwa Mama Victoire, mfanyabiashara wa Butembo aliyezeeka, mwenye nyumba ya mawe karibu na ziwa, na magoti yaliyokwisha kazi. Alima alimwogesha, akamkanda magoti kwa mafuta, akalala chumba cha pili. Walizoeana vya kutosha kutukanana.

Marehemu mume wa Victoire alikuwa na kalenda dukani kwake Butembo, ya watu waliouza maziwa ya unga, yenye picha ya mnyama amesimama kwa miguu miwili na mtoto tumboni. Mwaka ulikwisha, kalenda haikutolewa. Kila mara mzee alisema iko siku tutakwenda kuangalia kama huyu mnyama ni wa kweli au wazungu wanatudanganya. Alikufa bila kwenda. Victoire alipotimiza miaka sabini na mitano, watoto wake walio Dubai na Nairobi wakamlipia safari ya kikundi: watu kumi na moja, kiongozi mmoja, siku mbili za kupumzika Doha njiani, kisha siku kumi na mbili za Australia, na kila mahali pa kulala, kula na kuangalia pamekwisha kupangwa. Mtu wa magoti kama yale hawezi kwenda peke yake. Mjukuu wake Fabiola, aliyetakiwa kumsindikiza, alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Basi ni we Alima," Victoire alisema. "Utanisukuma mpaka kule. Usiogope, kila kitu wamepanga, mpaka saa ya kukojoa."

Alima alikuwa ameshika goti la mama yule mkononi. Alilikanda kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa hakuweza kuinua uso.

Kiongozi wao aliitwa Florent, kijana wa suti aliyekuwa na hofu moja tu. Siku ya mkutano aliwaambia wote bila kuzunguka: "Wababa na wamama, mutu mumoja akitoroka kule, mulango unafungwa kwa wote, na mwenye alimuwekea saini ataulizwa. Pasipoti nitashika mi mwenyewe. Nitawahesabu asubuhi, mchana na jioni, kama mbuzi. Musikasirike." Akawapa kila mtu kofia ya njano na kadi ya jina ya kuning'iniza shingoni. Karatasi za Alima ziliwekewa saini na Victoire.

Tangu vita viingie tena mjini uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, kwa hiyo walivuka mpaka wa Grande Barrière kwa miguu, Victoire kwenye kiti chake cha magurudumu, wakapanda basi upande wa Gisenyi hadi Kigali, na kutoka Kigali ndege. Alima hakuwa amepanda ndege maishani. Wengine walishangaa mawingu. Yeye alihesabu siku. Kwenye programu, ambayo Fabiola alimsomea mara nyingi hadi akaishika kichwani, siku ya tisa ilikuwa Brisbane, hifadhi ya wanyama, saa mbili za kutembea kila mtu apendavyo. Farida alikuwa akikaa mji wa pembeni mwa Brisbane. Hemedi alimwambia hilo kwa bahati mbaya, na hakuwahi kulirudia.

Doha kulikuwa na joto la kufunga pumzi. Siku ya pili asubuhi kikundi kilipelekwa sokoni kwa basi. Victoire alikataa, akasema amekwisha kuona masoko ya kutosha maishani na hakuna hata moja lililomponyesha magoti. Akajilaza. Alima aliposikia anakoroma, alikaa pembeni mwa dirisha, akapiga.

"Alo? Alo? Ni nani?"

Kidole kilikuwa tayari juu ya alama nyekundu. Kikakataa.

"Mi naitwa Nabintu," alisema. "Nilikuwa rafiki ya mama yako. Kwetu Mabanga."

Nabintu alikuwa mtu wa kweli, mwanamke wa kabila la Washi kutoka Bukavu, jirani yake wa mlango kwa mlango aliyeuza unga wa muhogo, akafa kwa kipindupindu. Alima alichukua jina la marehemu kwa kuwa lilikuwa la kwanza kumjia. Lile lake alikuwa amekatazwa.

Kule upande wa pili ilisikika pumzi. "Mama Nabintu. Ulimuona mama mbele ya kufa?"

"Nilimuona."

"Kweli?"

"Kila siku, mutoto wangu."

Farida akaanza kulia, akalia vizuri, bila kelele, kama mtu aliyezoea kulia peke yake. Alima akamwambia habari ya kikundi, na siku, na hifadhi ya wanyama. Farida akasema ataomba ruhusa kazini. Akasema atakuja hata akifukuzwa.

Simu ilipokatika, sauti ikatoka kitandani. "Nabintu ni nani?"

Victoire hakuwa amelala. Mtu aliyekaa dukani miaka hamsini anajua kukoroma huku anasikiliza wateja wanavyosemezana. Alima akamwambia yote, kuanzia upawa hadi msahafu. Mama yule akajiinua kwa viwiko.

"Mi nimeuza chumvi," akasema hatimaye, "nimeuza mabati, nimeuza mpaka viatu ya mutumba ya mguu mumoja. Kifo ya mwenzangu sijauza. Huyo bwana wako ni mfanyabiashara kunishinda. Mwambie mutoto!"

"Niliapa."

"Kiapo ya wezi!"

"Msahafu haiko ya wezi, mama. Wezi ni wao, msahafu ni ya Mungu."

"Basi Mungu atakusamehe. Mi nasali rozari, nitamuomba na upande wangu."

"Na karatasi ya mutoto, nani atamusamehe?"

Victoire akavuta shuka. Akageukia ukuta, akasema, "Lete mafuta. Magoti inaniuma," ingawa Alima alikuwa amemkanda nusu saa iliyopita.

Ya Sydney na miji mingine Alima hakumbuki mengi. Anakumbuka kuhesabiwa. Anakumbuka watu wa kofia za njano wakipigana picha mbele ya nyumba nyeupe kama makombe ya baharini, na Florent akisema moja, mbili, tatu. Kila mmoja alipewa kifaa kidogo cha kuweka sikioni, ili sauti ya kiongozi imfikie hata akiwa mbali. Wengine walifurahi nacho. Alima aliona kama amewekewa mlinzi ndani ya kichwa.

Siku ya tisa ilifika. Hifadhi ilikuwa na miti mirefu yenye harufu ya dawa ya kifua, na juu ya miti wanyama wadogo wa manyoya wamelala, mashavu kwenye matawi. Florent alieleza kwamba hulala karibu saa ishirini kwa siku.

"Kulala tu?" Victoire akasema. "Na muzee wangu alikuwa analala vile, hakuna mutu alilipa tikiti kuja kumuona."

Kikundi kikacheka, kikatawanyika. Alima aliingiza kadi yake ya jina ndani ya nguo, akasukuma kiti hadi kwenye benchi aliloelekezwa na Farida, karibu na uzio wa kangaruu.

Akamwona kabla ya kuonwa. Msichana mrefu kama Twahiru, kitambaa kichwani, amevaa shati la kazi la buluu. Alikuja kwa haraka, akawapa mikono wote wawili kwa adabu, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa watoto wa kwao. Kisha, kabla hata ya kukaa, aliona kiti cha Victoire kimeegemea vibaya. Akainama, akafunga breki, akamnyanyua mama yule kwapani na kumweka sawa kwa mwendo mmoja mwepesi.

"Umesoma udaktari?" Victoire akauliza.

"Hapana, mama. Natunza wazee. Nawaogesha, nawakanda."

Victoire alimtazama Alima. Alima alitazama chini.

Kifaa kikasema sikioni: *Dakika arobaini, kikundi. Dakika arobaini.*

Walikaa. Farida akamshika mkono kwa kuwa mkono ule ulikuwa umemgusa mama yake. Hilo ndilo alilosema, kwamba anataka kushika mkono uliomgusa mama yake. Mtu wa kuvumilia kama Alima, aliyebeba makaa mgongoni wakati wa shida na hakulia, aliuma pindo la kitambaa chake.

"Mama Nabintu, alikufa na nini?"

Katika siku tisa zote Alima hakuwa amejiandalia kifo. Alipanga atavaa nini, alipanga atasimama wapi.

"Wanakuambiaka nini?" akauliza.

"Papa anasema risasi. Mama Kadidja, siku iko vizuri, anasema risasi. Siku amekasirika, anasema mama alikimbia na mwanaume, aliniacha, akafia kule."

Damu ilimpanda Alima hadi machoni. Kunyang'anywa mtoto alikuwa amekumeza. Kufa alikuwa amekumeza. Hili halikushuka.

"Ni uongo!" Sauti ilitoka kubwa, hadi watu wakageuka. "Mama yako hakukimbia na mutu! Alikuwa Kindu, kuzika mama yake. Alirudi akakuta mulango imefungwa na waya. Alikutafuta. Alifika Bunagana mara mbili, askari wakamurudisha, mara ya pili wakamupiga. Alikutunzia viatu yako, zile ndogo, nyekundu, ya kufunga na kifungo. Mpaka leo—"

Akajikatiza hapo. Farida alikuwa amekaza macho.

"Mpaka leo ziko," Alima akamalizia polepole. "Mi nimezitunza."

*Dakika ishirini.*

Farida alilia, akajifuta na kitambaa cha kazi. "Nilimuchukia," alisema. "Kidogo. Ile hitima natumaka kila mwaka, ni juu ya ile dhambi. Nilikuwa namulipia kwa kuwa nilimuchukia." Akavuta pumzi ndefu. "Asante, Mama Nabintu. Asante. Sasa naweza kuapa na moyo safi."

"Kuapa nini?"

Farida akatoa simu, akamwonyesha barua. Alima hakujua kusoma, aliona tu alama yenye wanyama wawili juu yake. Ilikuwa siku ya kiapo cha uraia. Zilibaki wiki tatu. Farida aliieleza kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu afike: atasimama mbele ya watu, atapewa karatasi, na hakuna tena mtu atakayeweza kumwambia rudi. "Nikipata ile, sitaogopa tena. Kambini nilikuwa naogopa kila mutu mwenye kubeba karatasi."

Victoire aligonga ardhi kwa fimbo yake, mara moja, mara mbili. Sema. Alima alilisikia vizuri lile pigo. Alifungua mdomo, na hewa ikaingia, ya miti ile ya dawa. Maneno yalikuwa mawili tu, ni mi. Mtoto anajifunza marefu zaidi ya hayo kabla hajaota meno yote.

"Na kaburi?" Farida akauliza. "Kaburi yake iko wapi?"

"Goma," Alima akasema. "Iko Goma. Haijajengwa. Mawe tu."

Basi, amezikwa mara ya pili, na sasa kwa mkono wake mwenyewe.

*Dakika tano. Kwenye basi. Dakika tano, wababa na wamama.*

Florent hakungoja zile tano. Tangu aone msichana wa pale amemshika mmoja wa watu wake na wanalia, alikuwa hawaondolei macho. Alikuja mbio kati ya familia na vigari vya watoto, kofia ya njano imepinda. "Mama Alima! Mama Alima! Huyu ni nani? Pardon, mama, tunaenda. Kikundi kinangoja. Mama Alima, tafazali!"

Farida aligeuka akamtazama. Kisha akamtazama mwanamke aliyeketi kando yake.

"Unaita nani?" Victoire akadakia, kwa ukali wa dukani. "Alima haiko hapa. Alima ameenda kwenye basi. Huyu ni Nabintu. We kila siku unachanganya majina yetu, Florent, tunalipa kwa ajili ya nini?"

Florent akainyoosha kofia. "Lakini mama..."

"Sukuma kiti, kijana."

 Farida alisimama, akamkumbatia Alima, na safari hii haikuwa adabu. Alimkaza hadi ile kadi ngumu iliyofichwa chini ya nguo ikawagusa wote wawili kifuani. Alipojitenga macho yake yalikuwa makavu, ya mtu mzima.

"Nitatuma ya kujenga kaburi," alisema. "Lakini nataka picha. Na wewe usimame pembeni ya kaburi, Mama Nabintu. Uso wazi. Nione vizuri."

Basini walihesabiwa. Kumi na moja. Florent alimshukuru Mungu kwa sauti.

Walirudi Goma kwa njia ileile. Fabiola alikuwa amekwisha kuzaa, nyumba ya Keshero imejaa wageni, na Victoire akawaambia wote kwamba yule mnyama wa kalenda ni wa kweli, tena ananuka. Watu wa Mabanga walimwita Alima Mama Australia kwa kejeli. Walitaka kujua amewaletea nini.

Alichukua pesa alizotumiwa na Farida, akaenda kwenye makaburi ya Waislamu. Mlinzi wa makaburi hakuuliza mwili. Alisema wengi wamefia porini miaka hii, ndugu zao wanakuja kuweka jiwe tu ili wapate mahali pa kusimama. Akamwonyesha nafasi kando ya ukuta. Fundi akaleta mawe meusi ya volkano kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, akachimba kidogo, akapanga, akapaka saruji.

"Nani iko analala humu, mama?"

"Mwanamuke moja hivi."

"Ndugu yako?"

"Tulizaliwa siku moja."

Fundi akaandika jina kwa msumari kwenye saruji mbichi, herufi kwa herufi, akifuata karatasi aliyoandika Fabiola. Kisha Alima akampa simu, akasimama pembeni mwa kaburi, akashusha kitambaa begani.

"Cheka kidogo, mama," fundi akasema. "Unaonekana kama mufu."

"Piga tu."

Picha ilikwenda. Siku mbili, tatu, kimya. Alima akapiga, namba haikupokelewa. Siku ya kiapo ilipita. Aliijua, alikuwa amefunga fundo kwenye pindo la kitenge kwa kila siku. Siku ya nne baada ya kiapo simu ikalia mlio mfupi. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Aliusikiliza chooni kwa Victoire, mlango umefungwa.

"Nimeapa," sauti ya Farida ilisema. Ilikuwa ndogo, kama anasemea ndani ya kabati. "Nimepata karatasi. Nimeona picha. Nimeiweka pembeni ya ile ya matanga, nimeangalia uso yangu, nimeangalia uso yako." Droo ikafungwa. "Kaburi ni nzuri. Iache vile. Usinipigie tena. Papa na Mama Kadidja wanaangalia simu, na mi nimeapa mbele ya watu kwamba kila kitu nimesema ni kweli. Hitima sitatuma tena. Mutu haombewi vile kama..." Hapo palikuwa na sauti nyingine, mlango au mtu, na ujumbe ukakatika.

Alimpelekea Victoire ausikie. Victoire aliusikiliza mara mbili.

"Amekujua," akasema.

"Amenijua."

"Na amekurudishia udongo juu."

 Miaka kumi na mitatu Alima alidhani likifika jambo lile moja, mtoto ajue kwamba mama yake hakumwacha, basi kifua kitatulia. Limefika. Mtoto anajua. Naye sasa ndiye anayeshika kalamu.

Ijumaa ya mwezi ule wa hitima ilipofika, wanawake wa Majengo walikusanyika uani kwa mazoea. Hemedi alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni asijue aangalie wapi. Hakuna kilichotumwa.

"Kale katoto ka Australia kamechoka na mama yake," mmoja wa wapishi akasema. "Ndiyo ng'ambo ile. Inawala kichwa."

"Hajachoka," Alima akasema.

Alikuwa amekuja na mfuko wa vitunguu na mchele kidogo, wa sufuria moja, si tatu. Akaketi kwenye kigoda, akachukua kisu. Sheikh alipotoka akamkuta anamenya, akamuuliza kwa upole, "Leo tunamwombea nani, mama?"

Alima akamtajia jina lake mwenyewe, zima, polepole, na jina la baba, asije akakosea. Sheikh akaliandika. Yatima walikuwa wameanza kuingia na sahani zao, wachache kuliko mwaka jana, na moto ulikuwa haujashika vizuri kwa sababu makaa yalikuwa yamelowa.